Nakshi za Maua katika Milango na Makasha ya Pwani

Nakshi ni pambo linalochongwa, kutariziwa au kuchorwa juu ya kifaa ambacho kingefanya kazi yake hata bila ya pambo hilo, na katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja nakshi zilizoenea zaidi ni za mimea. Kwa kuwa Waislamu wa pwani waliepuka sanamu za watu na wanyama, samaki akiwa miongoni mwa viumbe wachache walioachiwa nafasi, maua na majani ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya ishara za nyumbani.

Mlango wa nakshi huwa na miimo, yaani nguzo mbili za pembeni; kizingiti cha juu; na mfaa, mhimili wa katikati unaoziba mwanya baina ya vipande viwili vya mlango. Katika milango mingi ya Unguja ya karne ya 19, samaki au mawimbi huchongwa chini ya miimo, na kutoka hapo shina hupanda likichanua hadi kizingitini, kana kwamba mmea wote unanyweshwa na bahari. Kwa mapokeo, mtende hufasiriwa kuwa neema na riziki, yungiyungi kuwa uzazi, na mnyororo unaozunguka ukingoni kuwa ulinzi wa wenye nyumba.

Hata hivyo, fasiri hizo hazipaswi kusomwa kama kamusi, kwani fundi alifuata pia ruwaza alizorithi na uwezo wa mteja wake. Milango ya zamani zaidi ina vizingiti vilivyonyooka, ilhali ile yenye tao na majani mazito ilienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari ya wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa hiyo nakshi hueleza historia ya biashara sawa na inavyoeleza imani. Ndani ya nyumba, waridi hujitokeza katika makasha yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, na maua hutawala kanga nyingi, katika mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na katika pindo.

UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia. Lakini kwa kuwa maana ya ua hutegemea mahali lilipochongwa, mfaa unaong'olewa na kuuzwa peke yake hubaki ubao mzuri tu. Anayetaka kuuhifadhi urithi huu na auhifadhi mlango mzima, pamoja na miimo na kizingiti chake.