Fundi wa redio, nawa mikono kabla ya kula

Katika miji ya Kitui, Mwingi na Wote, si ajabu wakati wa likizo kumkuta kijana amefungua redio kuukuu juu ya meza ya chakula, akijaribu kuunganisha taa na betri. Ni jambo la kusifiwa. Taabu huanza kifaa kinapokataa kuwaka, naye kwa hamaki akaanza kugusa kila waya.

Kwanza toa betri au chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Kisha tazama yaliyo rahisi. Je, betri imeisha, au imewekwa kinyume? Taa ya diodi huwaka ikiunganishwa upande mmoja tu: mguu mrefu uende kwenye chanya. Kiungo cha lehemu chenye rangi ya kijivu kisichong'aa huenda hakikushika. Kipashe moto upya. Kwa anayeanza, kasoro nyingi huwa hapo.

Stima ya nyumbani, yenye volti 240, ni ya kuogopwa. Hata baada ya kuchomolewa, kapasita kubwa ndani ya televisheni yaweza kubaki na zaidi ya volti 300 kwa muda. Kijana ajizoeze na betri, televisheni amwachie fundi. Mtu akinaswa, usimshike kabla ya kuzima swichi kuu.

Lehemu nayo ina siri yake. Ile ya kawaida huwa na bati karibu asilimia 60 na risasi asilimia 40. Wengi huogopa moshi wakidhani ni wa risasi, kumbe hutokana na utomvu wa msonobari uliomo ndani ya lehemu. Moshi huo huamsha pumu, kwa hivyo fungua dirisha. Risasi yenyewe hupitia mikononi hadi kwenye ugali. Hudhuru ubongo, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne au tano zaidi ya wa mtu mzima. Basi usilehemu kwenye meza ya chakula, na unawe kwa sabuni.

Ukiungua, mwagia maji baridi kwa dakika 20. Maji ni ghali Ukambani, lakini dawa ya meno na mafuta ya kupikia si tiba.

Mtoto akimeza betri bapa iliyo kama sarafu, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama anacheza. Yaweza kuchoma umio kwa muda wa saa mbili.