Kuvu ya Mahindi na Sumu Isiyoonekana

Kila mkulima wa Kitui na Makueni amepata kuona kuvu, yaani ule unga wa kijani chenye umanjano unaoota juu ya punje za mahindi yaliyowekwa mabichi. Lakini si wengi wajuao kuvu ni kiumbe gani. Kwa kuwa watu wengi wamepoteza maisha kwa sababu yake, yafaa jambo hili lielezwe.

Zamani wataalamu waliwagawa viumbe wote katika makundi mawili, wanyama na mimea, na kuvu ikahesabiwa kuwa mmea. Baadaye ikabainika kwamba kuvu haiwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua kama mimea. Hutoa maji yenye kuyeyusha chakula, kisha hukifyonza. Kwa hiyo ikapewa kundi lake yenyewe, pamoja na uyoga na hamira. Hata ule ute wa manjano uonekanao juu ya magogo yaliyooza ulidhaniwa kuwa kuvu. Nao umetolewa katika kundi hilo, maana hutambaa polepole na kumeza vijidudu.

Kuvu ya mahindi huitwa na wataalamu Aspergillus flavus. Jina la kwanza lilitolewa mwaka 1729 na padre Mwitalia, Micheli, ambaye aliona kwamba vichwa vya kuvu za jamii hiyo vyafanana na chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Makao yake ni udongoni, na mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, huchukuliwa na upepo. Ukame ukiyapata mahindi wakati wa kujaza punje, au wadudu wakiyatoboa, kuvu hupata njia ya kuingia.

Sumu yake ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Sumu hiyo ni aflatoksini, nayo huitwa pia sumukuvu. Huharibu ini. Aliyekula nyingi hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na huweza kufa. Aliyekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kupata saratani ya ini.

Mwaka 1981, katika sehemu za Makueni, watu 20 walilazwa hospitali kwa sumu hii na 12 kati yao walikufa. Msiba mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2004: watu 317 waliugua na 125 walikufa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka, na kuvu ikastawi humo.

Wataalamu walipoichunguza kuvu ya mahindi yale, waligundua jambo kubwa. Aspergillus flavus si ya namna moja. Ziko namna zisizotoa sumu kabisa, na ziko zenye sumu kali. Iliyoenea katika mahindi ya msiba ule ni namna iitwayo S, ambayo hutoa sumu nyingi mno.

Maarifa hayo yakaleta kinga, kwani dawa ya moto ni moto. Namna zisizo na sumu zilichaguliwa hapa hapa Kenya, zikapakwa juu ya punje za mtama zilizokaangwa, na mwaka 2015 zikasajiliwa kwa jina la Aflasafe KE01. Mkulima hutawanya kilo 4 kwa eka, wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu isiyo na sumu hutangulia kushika mahali, na ile yenye sumu hukosa nafasi.

Lakini kinga ya shambani haitoshi pasipo uangalifu nyumbani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Ukitaka kujua kama yamekauka, tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, kisha tikisa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani.

Punje zilizooza zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu huingia hata katika maziwa. Wala mtu asitegemee moto wa jikoni, kwa kuwa kupika hakuiondoi. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza, lakini hakuimalizi. Tena mahindi yanayopendeza kwa macho huweza kuwa nayo: kiasi kinachokubaliwa nchini, sehemu 10 katika bilioni, ni sawa na gramu 1 katika magunia zaidi ya 1,000 ya kilo 90. Hakuna jicho liwezalo kukiona kitu kidogo hivyo. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hukausha kwanza, ndipo akaweka ghalani.