Vitabu vya Mateso ya Utoto: Tuamini Nini?



Leo naandika juu ya vitabu. Si vile vya kozi, ni vile tunapeana kwa telefoni na kuvisoma usiku: mtu mzima anasimulia namna aliteswa akiwa mtoto, na namna kichwa chake kiligawanyika, ndani yake wakatokea watu wengine, kila mmoja na jina lake, sauti yake na umri wake. Nimevisoma vingi. Kimoja kilinifanya nimkosee mdogo wangu. Nitafika hapo.

Nilikuwa G3, natafuta sujeti ya TFC yangu, wakati mwenzangu mmoja alinipa Sybil. Kitabu hiki kilitoka Marekani mwaka 1973. Kinaeleza habari ya mwanamke mwenye nafsi 16, na mama mwenye alimtesa vikali tangu utoto. Daktari wake wa magonjwa ya akili, Cornelia Wilbur, alimtibu zaidi ya miaka 10 kule New York, hadi nafsi zote zikaungana kuwa mtu mmoja. Watu walikinunua kwa mamilioni, na mwaka 1976 kikawa filamu ya televisheni. Mimi nilikimaliza kwa siku mbili na nililia.

Wazo lenyewe halikuanza na Sybil. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunalijua jina la Pierre Janet. Alikuwa mwalimu wa filozofia kule Le Havre, na katika tezi yake ya mwaka 1889 alionyesha kwamba akili inaweza kuvunjika vipande, kipande kimoja kikafanya kazi bila kingine kujua. Mwaka 1957 Wamarekani walipata The Three Faces of Eve, kitabu na filamu juu ya mwanamke mwenye nafsi tatu. Lakini Eve hakuelezwa kama mtoto aliyeteswa na wazazi. Ni Sybil njo iliunganisha mambo mawili mbele ya watu wote: mateso ya utoto na nafsi nyingi.

Kisha mlango ukafunguka. Mwaka 1980 ugonjwa huu uliingia kama ugonjwa wa peke yake katika kitabu cha uchunguzi cha madaktari wa akili wa Marekani (mwaka 1994 wakaubadilishia jina). Zamani visa vilikuwa vya kuhesabu, sasa vikafika maelfu. Vitabu navyo vikafuata. Truddi Chase, mwaka 1987, aliandika When Rabbit Howls pamoja na sauti 92 alizosema ziko ndani yake. Robert Oxnam, mtu mkubwa mwenye aliwahi kuongoza Asia Society, alitoa A Fractured Mind mwaka 2005, na humo anahesabu nafsi 11.

Bon. Mwaka mmoja nyuma ya TFC nikakutana na upande mwingine. Mwaka 2011 mwanahabari Debbie Nathan alitoa Sybil Exposed, baada ya kusoma barua na karatasi zilizoachwa. Jina la kweli la Sybil lilikuwa Shirley Mason. Kumbe kitabu hakukiandika yeye. Kiliandikwa na Flora Rheta Schreiber, mwanahabari, na wote watatu, mgonjwa, daktari na mwandishi, walikuwa na mapatano ya kugawana faida. Kumbe kumbukumbu nyingi zilitoka wakati Mason alikuwa amedungwa dawa ya pentothal ao amelazwa kwa hipnozi, na daktari anamuuliza maswali. Kumbe mwaka 1958 Mason mwenyewe alimwandikia Wilbur barua akisema hana nafsi nyingi, alijifanya tu. Wilbur akaona barua ile ni dalili ya ugonjwa, matibabu yakaendelea.

Daktari mwingine, Herbert Spiegel, mwenye alimpokea mara kadhaa, alisimulia nyuma kwamba siku moja Mason alimuuliza kama anataka awe Helen, juu daktari Wilbur alikuwa anapenda awe Helen. Spiegel akamwambia si lazima, na yule mama alifurahi kutofanya hivyo.

Niliona kama nimeibiwa. Machozi yangu yote ya bure! Tangu siku ile nikawa mtu wa kusema kwa sauti kubwa: “Ile vitabu yote ni uongo.”

Sasa mdogo wangu. Ilikuwa likizo, tuko nyumbani kwa mama, jioni, tunachambua maharagi. Yeye alikuwa amechukua Sybil katika vitabu vyangu na kuisoma. Akaniambia polepole, bila kuniangalia: “Yaya, na mimi kuko vitu nilikuwa nimesahau, vya wakati tulikaa kwa watu. Sasa vinanirudilia.” Na mimi, msomi, nikamjibu: “Wacha hiyo kitabu. Walisha kuonyesha ni ya kutunga.” Akasema: “Sawa, yaya.” Akaendelea na maharagi. Hakusema tena neno juu ya hiyo, siku ile na miaka iliyofuata.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kosa langu. Nilikuwa nimechanganya mambo matatu yenye hayapaswi kuchanganywa: maumivu, tukio na maelezo. Njo maana naandika, ili mtu mwingine asichanganye kama mimi.

Maumivu ni kile mtu anabeba leo: halali usingizi, anaogopa mlango ukifunguliwa, kuna saa zinapita hajui alikuwa wapi. Hayo hayahitaji ushahidi wa tribinali. Shirley Mason alikuwa mgonjwa kweli. Hata wale waliokibomoa kitabu hawakusema alikuwa mzima.

Tukio ni kile kilichofanyika zamani. Hapa njo pagumu, juu akili haiweki mambo kama picha. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake waliwapa watu 24 hadithi za utoto wao. Moja ilikuwa ya kutungwa: kwamba walipotea ndani ya duka kubwa. Karibu robo yao walifikia kuamini waliikumbuka, yote ao sehemu. Basi mtu akiulizwa tena na tena, hasa akiwa amepewa dawa, anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikuwa. Lakini mwaka mmoja mbele, 1994, Linda Williams alikuwa ameonyesha upande mwingine. Aliwatafuta wanawake 129 ambao, wakiwa watoto, walipelekwa hospitali kwa sababu ya kutendewa mabaya ya ngono, na karatasi za hospitali zilikuwepo. Miaka 17 imepita. Zaidi ya theluthi moja hawakulikumbuka tukio lile, ao hawakulisema. Kwa hiyo kusahau si alama ya uongo, na kukumbuka kwa nguvu si alama ya ukweli. Mtu mwenye akikwambia amesahau kisha imemrudilia, huwezi kumpima kwa kumwangalia uso.

Maelezo ni kitu cha tatu: ni jina ambalo mtu mwingine anayapa maumivu. Kwa Mason, maelezo yalikuwa nafsi 16. Yaliletwa na mwenye nguvu, daktari, juu ya asiye na nguvu. Tusicheke Wamarekani haraka. Kwetu pia mtoto akianza kulia usiku, kunyamaza, ao kusema kwa sauti isiyo yake, kuko mtu mzima tayari na maelezo: ni mulozi. Naye mtoto, akiulizwa siku nzima na njaa tumboni, mwishowe anakubali: ndiyo, mimi ni mulozi. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Lakini sheria haiingii katika kila chumba. Na sisi wenye diploma tuko na maelezo yetu pia. Ile yangu ilikuwa: “Ni ya kutunga.” Ilifunga mdomo wa mtu vilevile.

Basi mkisoma vitabu hivi, nawaomba msome na maswali matatu. La kwanza: nani ameshika kalamu, mwenye kuteswa ao mtu mwingine? La pili: kumbukumbu ilitoka namna gani, ilikuwepo siku zote, ilijirudilia yenyewe, ao ilivutwa kwa dawa na maswali? La tatu: nje ya kitabu kuna kitu gani, karatasi ya hospitali, ndugu aliyeona, mtesaji aliyekubali? Ukikosa majibu, usitupe kitabu, soma tu ukijua unasoma nini. Hata madaktari wenyewe bado wanabishana juu ya ugonjwa huu, wengine wakisema unatoka katika mateso, wengine wakisema mara nyingi unajengwa ndani ya matibabu.

Lakini hayo maswali ni ya vitabu. Mtu akikaa mbele yako na sahani ya maharagi, usimfanyie kama kitabu. Usimpe maelezo, wala usimvute aseme zaidi: “Ni nani? Ni baba fulani?” Maswali ya namna hiyo njo yanaharibu kumbukumbu, kama kwa Mason. Mwambie tu: “Endelea, nakusikia.” Na kama anaumia sana, msindikize kwa mtu aliyefunzwa kazi hiyo, naye pia asiwe mwenye haraka ya kumpa jina.

Mwaka jana nilimpigia mdogo wangu. Nilimkumbusha jioni ile, nilidhani amesahau. Nikamwambia: “Nilisoma kitabu vizuri, lakini wewe sikukusikia. Unisamehe.” Alinyamaza hadi nikadhani rezo imekatika. Kisha akasema: “Yaya, nilikuwa nangoya useme.”

Tuliongea hadi krediti ikaisha, akanipigia yeye. Alichoniambia ni chake, sitakiandika hapa. Sijui kila kitu kilifanyika namna gani, na sikumuuliza.