Kompyuta za Gari Zinapokosa Kupashana Habari

Barabara ya Goma–Rutshuru hupitia Kanyaruchinya, kwenye nchi ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo. Mitikisiko ya njia mbovu yaweza kulegeza viungo vya nyaya za gari; hapo kompyuta za injini na breki hukosa kupashana habari, na fundi hushawishika kubadilisha kompyuta iliyo nzima.

Mfumo uliotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986 hutumia nyaya mbili zilizosokotwa, zenye kikinza cha omu 120 kila mwisho. Betri ikishafunguliwa, mita ikiunganishwa kati ya nyaya hizo husoma takriban omu 60. Ikisoma 120, waya umekatika au kikinza kimoja kimetengana. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Hivyo basi, kipimo kitangulie ununuzi.