Sugu za miguu: Plasta ya dawa si ya kila mguu

NATEETE, KAMPALA

Anayeshuka kwenye teksi pale Nateete alfajiri hukuta biashara imekwisha kuchangamka. Magunia yanashushwa, bodaboda wanagombea abiria, na wachuuzi wanapita katikati ya matope na mizigo kichwani. Mtaa huu wa Tarafa ya Lubaga uko kando ya barabara ya Masaka, njia ile ile inayokwenda Mutukula kwa ndugu wa Tanzania na Katuna kwa wale wa Rwanda.

Mfanyabiashara wa mpakani hutembea kuliko anavyodhani. Anazunguka soko kutafuta bei nzuri, anasimama kwenye foleni ya forodha, anarudi usiku na viatu vile vile. Miezi ikipita, mguu nao unajibu: kidole kinaota kidonge kigumu cha ngozi, na kila hatua inakuwa kama kukanyaga changarawe. Hiyo ndiyo sugu.

Sugu si ugonjwa wa kuambukiza. Ni ngozi inayojikinga. Kiatu kinapobana au kusugua mahali pamoja kila siku, ngozi hujiongezea unene, kisha katikati hujitengeneza kiini kigumu kinachosukuma ndani na kuleta maumivu.

Wengi huchukua wembe na kukata. Ni njia ya hatari, kwa sababu wembe mchafu huweza kuingiza vijidudu, ikiwemo pepopunda. Wengine hununua plasta ndogo yenye dawa, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo leo.

Dawa yenyewe ni asidi

Dawa iliyo katika plasta nyingi za sugu inaitwa asidi ya salisiliki. Kazi yake ni kulainisha na kumenya ngozi ngumu, na katika plasta nyingi nguvu yake hufika asilimia 40. Lakini asidi haina macho. Haijui ipi ni sugu na ipi ni ngozi nzima. Ikigusa ngozi laini, itaimenya nayo.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua vyombo vya plastiki Kampala, anavipeleka Mutukula na kurudi na mchele. Ana sugu kwenye kidole kidogo. Ananunua plasta kwa mchuuzi wa barabarani, anaibandika usiku, asubuhi anavaa buti za mpira na kuondoka. Siku ya tatu anavua soksi na kuikuta imelowa usaha. La kushangaza, haumwi hata kidogo.

Kutoumwa huko si bahati njema, ndiyo alama ya hatari. Mtu mwenye kisukari kwa muda mrefu huweza kupoteza hisia miguuni. Asidi inamla, naye hana habari. Damu nayo huweza kufika mguuni kwa shida, hivyo kidonda kinakataa kupona. Vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyowafikisha wengine kwenye kukatwa kidole au mguu. Na wapo wengi wenye kisukari ambao hawajapimwa, kwa hiyo hawajui.

Basi sheria ya kwanza ni hii: mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni kwa sababu yoyote, au mwenye matatizo ya mzunguko wa damu asiguse plasta hizi bila kuonwa na mganga. Vivyo hivyo mtu mwenye mzio wa aspirini, kwa kuwa dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja. Mjamzito, na mzazi anayetaka kumwekea mtoto, waulize kwanza. Kama unasikia kiu kila wakati, unakojoa mara kwa mara au vidonda vyako vinachelewa kupona, pima sukari kabla ya kununua plasta. Ni tone moja la damu ya kidole.

Je, ni sugu kweli?

Si kila kivimbe cha mguu ni sugu. Sugu huuma ukiibonyeza kwa juu. Chunjua ya unyayo mara nyingi huuma zaidi ukiibana kwa pembeni, na huwa na vidoadoa vyeusi. Funza naye huacha doa jeusi katikati ya uvimbe unaowasha, hasa pembeni mwa kucha. Funza hatolewi kwa plasta ya asidi. Kama hujui ulicho nacho, muonyeshe mhudumu wa afya.

Kununua na kutumia

Nunua katika duka la dawa lenye kibali, si kwenye meza iliyoanikwa juani. Joto huharibu gundi na dawa. Soma boksi: jina la dawa, asilimia yake, tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwambie muuzaji wazi sugu iko wapi na una maradhi gani. Zipo pia plasta zisizo na dawa, zile za duara lenye tundu katikati. Hizo huondoa mgandamizo tu, na kwa watu wengi ndizo za kuanza nazo.

Ukishapata ya dawa, loweka mguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano, kisha ukaushe vizuri. Paka vaselini kwenye ngozi nzima inayozunguka sugu. Kata kipande cha dawa kisizidi ukubwa wa sugu, kibandike juu yake, kisha kishikilie kwa plasta ya kawaida bila kukaza.

Kwa kawaida maelekezo husema plasta ikae saa 48, kisha itolewe na kubandikwa nyingine ikihitajika, na matumizi yote yasizidi siku 14. Fuata yaliyoandikwa kwenye boksi lako. Ngozi ikigeuka nyeupe na laini, hiyo ndiyo kazi ya dawa. Loweka tena na usugue taratibu kwa jiwe la miguu. Ukiona wekundu unaoenea, damu, usaha au maumivu makali, toa plasta, osha kwa maji na sabuni, nenda kituo cha afya. Usibandike kamwe juu ya mchubuko. Katikati ya vidole pia epuka, maana hapo ngozi ina unyevu na asidi huenea upesi.

Usigeuze mzigo

Huenda msomaji mwingine anaona hapa biashara: kununua katoni upande mmoja na kuuza upande wa pili. Tahadhari. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, hukusaidia kwenye ushuru wa bidhaa zilizoorodheshwa. Hakikupi ruhusa ya kuuza dawa. Dawa zina wenyewe: NDA hapa Uganda, TMDA Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu Kenya. Bila kibali, mzigo utabaki mpakani. Plasta zako mwenyewe zibebe katika boksi lake.

Tatizo liko kwenye kiatu

Plasta huondoa sugu ya leo. Kiatu kile kile kitaleta ya kesho. Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kutembea, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kuwa makini na viatu vya mitumba, viwe vya Owino au Gikomba, kwa kuwa vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mtu mwingine. Sandali za matairi, lugabire kwa Waganda, akala kwa Wakenya na katambuga kwa Watanzania, huacha vidole vipumue, ila angalia mkanda usikukate.

Yule mama wa mfano wetu akikaa nyumbani wiki sita akitibu kidonda, wateja wake wa Mutukula hawatamsubiri. Watanunua kwa mwingine. Kupima sukari na kuuliza swali moja kwenye duka la dawa kungemchukua nusu saa tu kabla ya kupanda gari.