Muuzaji wa pikipiki kuukuu aivue maganda kwanza

Wahenga walitufunza kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hukaririwa madarasani mwaka nenda mwaka rudi, na ni nadra kumsikia mwanafunzi akiitilia shaka. Hata hivyo, iko bidhaa moja inayoipindua juu chini: pikipiki kuukuu ya Kijapani ya mwendo wa kasi, iliyoundwa katika miaka ya tisini. Hapa kibaya ndicho kijiuzacho, kwa kuwa kimevishwa kikapambika, ilhali kizuri chenye mikwaruzo yake ya haki hutembezwa wiki baada ya wiki bila kupata mteja.

Msomaji asidhani nazungumzia pikipiki za bodaboda. Mnamo 1992 kampuni ya Honda ilizindua CBR900RR, iliyokuja kujulikana Ulaya kwa jina FireBlade. Mhandisi Tadao Baba na wenzake waliipa injini ya sentimita za ujazo 893, huku uzito wake bila mafuta ukiwa kilo 185 tu. Yamaha nao wakajibu mwaka 1998 kwa YZF-R1, yenye injini kubwa zaidi na mwili mwepesi zaidi. Vijana waliozitamani pichani wakati huo, mifuko ikiwa mitupu, leo ni watu wazima wenye mishahara, nao wanazisaka kwa udi na uvumba. Fauka ya hayo, sheria ya usalama wa magari ya Marekani hulegezwa chombo kikifikisha umri wa miaka 25. Kwa sababu hiyo, hata zile za injini za sentimita 400, zilizoundwa kwa ajili ya Wajapani ambao leseni yao ya kawaida huishia kiwango hicho, sasa zinaweza kuvuka bahari kwenda huko.

Soko limechangamka, basi, na penye soko hapakosi hila.

Pikipiki za aina hii hufunikwa karibu mwili mzima kwa maganda ya plastiki ili zipasue upepo. Ganda lililovunjika halina thamani, na nakala yake mpya, iliyokwisha kupakwa rangi, hupatikana kwa bei nafuu. Kwa hiyo chombo kilichobiringika barabarani kikampeleka mwenyewe hospitalini chaweza, baada ya siku mbili za kazi ya bisibisi, kusimama uani kikimeremeta kama bi harusi. Ukweli unabaki chini ya maganda. Fremu ya alumini ina vijiguu viwili vidogo karibu na shingo, ambavyo huuzuia usukani usipinduke kupita kiasi. Pikipiki ikigongwa kwa mbele, usukani huvipiga kwa nguvu, navyo hubonyea au kumeguka. Rangi ya nje haiwezi kuviponya. Vyuma vinavyoshikilia maganda navyo hupindika, na ncha za mipini na vikanyagio husagika upande ulioburuzwa. Haya yote muuzaji huyajua. Mnunuzi hayaoni, isipokuwa maganda yavuliwe.

Kuna pia sifa ambayo matangazo huipenda mno: eti imetunzwa ndani miaka kumi bila kuendeshwa. Kwangu mimi hilo ni ungamo, si sifa. Petroli iliyoachwa katika kabureta hugeuka utando unaoziba vitundu vyake vyembamba. Mipira ya mabomba ya breki huzeeka hata pasipo safari. Tairi ndiyo hatari zaidi, maana yaweza kuwa na makato yote kamili huku mpira wake umekauka ukawa mgumu. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kuundwa kwa tairi huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta tarakimu tatu, ujue tairi hiyo ni ya karne iliyopita. Nani atathubutu kuinama nayo konani kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa?

Mnunuzi mjanja huweka kiganja karibu na injini kabla hata ya salamu kwisha. Akihisi joto, hujiuliza kwa nini imetiwa moto kabla hajafika. Yamkini ina tatizo la kuwaka ikiwa baridi. Muuzaji mwaminifu huiacha ipoe.

Sheria yasemaje? Nchini Uingereza ni kosa la jinai kuuza chombo kisichofaa kwenda barabarani, na rekodi za ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa, huweza kuangaliwa na yeyote mwenye nambari ya usajili. Hatua hiyo ya pili naisifu sana. Kuhusu ubora wa bidhaa, hata hivyo, sheria ya Waingereza, na yetu ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa iliyotokana nayo, humbana mfanyabiashara kuliko mtu binafsi anayeuza mali yake. Anayejiuzia chake hulazimika kutosema uongo, lakini kunyamaza anaruhusiwa kwa mapana. Mnunuzi na ajihadhari, husema mawakili.

Siafiki. Kanuni hiyo yaweza kufaa kwa meza au saa ya ukutani. Kimya kuhusu fremu iliyopinda hulipwa na kijana wa miaka ishirini na kidogo, juu ya magurudumu mawili, katika kona ambayo muuzaji hatakuwepo kuiona. Kuna watakaonijibu kwamba mnunuzi ni mtu mzima na anaweza kumleta fundi. Naam, aje naye! Lakini fundi huyo atavua maganda uani mwa nani, kwa ruhusa ya nani, ilhali muuzaji anataka fedha taslimu mkononi kabla hata ya kumruhusu mtu aijaribu barabarani? (Hapo simlaumu; wapo walioondoka kujaribu wasirudi.)

Kwa hiyo kazi hiyo aifanye muuzaji mwenyewe, mchana kweupe. Avue maganda, aipige picha shingo ya fremu, nambari iliyochongwa pale, na tarakimu za tairi. Aandike ilianguka lini, kwa upande gani, na kipi kilibadilishwa. Na picha ya kwanza katika tangazo iwe ya upande ule ulioburuzwa.