Skrini Inapopotosha: Namna ya Kumwongoza Mwanafunzi wa Lahajedwali

Katika kufundisha matumizi ya lahajedwali, mwalimu hukutana na tatizo linaloonekana dogo, lakini laweza kuharibu kazi ya muhula mzima. Mwanafunzi anaposogeza jedwali la alama, baadhi ya seli huonekana tupu, au namba zilizokwisha kupita hubaki juu ya namba mpya. Naye hudhani alama zimefutika, huanza kuziandika upya, na hapo ndipo huziharibu zilizokuwa sahihi. Pengine mwalimu humkaripia kwa uzembe ambao hakuufanya.

Kiini cha tatizo ni kutotofautisha namba na sura yake. Namba hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta. Kinachoonekana kwenye skrini ni mchoro wake tu. Programu kama Excel ya 2013 huweza kukiachia kifaa cha picha kilichomo ndani ya kompyuta kazi ya kuchora, na amri zake hupitia programu ndogo iitwayo draiva. Draiva ikiwa na kasoro, mchoro huharibika ilhali namba ni salama.

Basi yafaa wanafunzi wazoezwe kupima kabla ya kuhukumu. Kwanza, wasiandike wala kufuta chochote. Pili, waiteue seli inayoonekana tupu na kutazama mstari wa fomula ulio juu ya jedwali. Namba ikiwapo hapo, haikupotea. Tatu, wafungue nakala ya faili katika kompyuta nyingine. Seli ikiwa tupu huko pia, sababu itafutwe ndani ya faili lenyewe, kwa mfano maandishi yaliyotiwa rangi nyeupe. Ikionekana vema, kompyuta ya kwanza ndiyo ishukiwe.

Hapo, katika matoleo ya Excel yenye chaguo hilo, mwalimu afungue Options, sehemu ya Advanced, atie alama penye maneno “Disable hardware graphics acceleration”. Kasoro ikikoma, ni dalili kubwa kwamba draiva ndiyo yenye hitilafu. Dawa yake ni kuweka toleo jipya la draiva, au kurudia la zamani ikiwa matatizo yalianza baada ya kubadilisha.

Alama za #### zisichanganywe na kasoro hii; aghalabu maana yake ni kwamba safu ni nyembamba kuliko namba iliyomo.

Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza kama kilichoharibika ni namba au ni sura yake hataifuta kazi njema kwa hofu, wala mwalimu wake hatamwadhibu asiye na kosa.